Uhuru Afrika: disiki ya New York yenye kusema Kiswahili

Mu mikutano ya sindika niko nasikia kila mara: "Kiswahili ni cha sokoni, mambo ya maana tuseme mu Kifaransa." Leo najibu na disiki moja ya jazi.

Inaitwa Uhuru Afrika. Ilirekodiwa New York mu Novemba 1960, mwaka ule ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na yetu ndani, tarehe 30 Juni. Mwenye kuitunga ni Randy Weston, mupiga piano wa Brooklyn. Baba yake alimufundisha tangu utoto kama yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Melba Liston, mwanamke mupiga tromboni, njo alipanga sauti za vyombo vyote. Shairi liliandikwa na Langston Hughes.

Weston alitaka luga ya Afrika isikike, akachagua Kiswahili. Tuntemeke Sanga, mutu wa Tanganyika aliyekuwa Umoja wa Mataifa, njo alisoma lile shairi mu Kiswahili.

Sehemu ziko ine: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Siye watu wa Kolwezi tunahitaji mutafsiri kwa moja tu! African Lady inaheshimu wanawake weusi. Martha Flowers anaiimba na sauti ya juu, safi. Lakini nguvu ya disiki iko mu ngoma: Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Cuba, pamoja na Max Roach. Moja inaita, ingine inajibu, kisha trompeti ya Freddie Hubbard na wenzake zinaingia. Ni kama watu wa familia moja walioachana zamani, wanakutana tena.

Mwaka 1964, serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilikataza hii disiki. Neno la bure, nani analikataza?

Siye pia tulisaini siku moja mapatano ya kazi mu Kifaransa. Kisha nikayasoma mu Kiswahili mbele ya wenzangu wa shimo. Mzee mmoja akauliza: "Kumbe saa zetu za usiku tuliziuza?" Hakuna aliyemujibu.

Mapatano ya kesho yasomwe kwanza mu Kiswahili, ndipo tutie sahihi. Kama luga yetu iliweza kubeba uhuru wa Afrika kule New York, itaweza kubeba mushahara wetu.