Barbados: Ngome Zilizolinda Sukari Sasa Zawalinda Watu

Askari akipata likizo hutamani kusahau kwata, lindo na tarumbeta ya alfajiri. Hata hivyo jicho la askari haliendi likizo. Apitapo penye boma la kale husimama, akajiuliza: mizinga hii ilielekezwa wapi, na aliyekuwa akilindwa hapa ni nani? Maswali hayo mawili ndiyo tunayowaomba wasomaji wetu wa majeshi na polisi wayachukue leo, tunapowavusha Bahari ya Atlantiki mpaka kisiwa cha Barbados, katika Bahari ya Karibi. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya mchanga mweupe na maji maangavu. Hatuwalaumu. Lakini kwa mtu avaaye sare, yaliyo bora zaidi kisiwani humo yako juu ya vilima na nyuma ya kuta.

Barbados ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kilomita 34, upana kilomita 23, hata mwenye gari aweza kukizunguka kwa siku moja. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe. Kimejitenga mashariki ya visiwa vingine vya Karibi, na pepo za huko kwa kawaida huvuma kutoka mashariki. Katika enzi za matanga jambo hilo lilikuwa ngao, kwani manowari ya adui iliyotoka visiwa vya magharibi ililazimika kupigana na upepo kwanza, ndipo ipigane na mizinga. Mwaka 1665 Michiel de Ruyter, amiri mashuhuri wa manowari za Kiholanzi, aliishambulia ghuba ya Carlisle. Mizinga ya pwani ikaziharibu merikebu zake, akaondoka bila kukitwaa kisiwa. Waingereza walifanya makao huko mwaka 1627, na bendera yao haikushushwa hata mwaka 1966.

Je, utajiri gani ulistahili ulinzi wa namna hiyo? Ulikuwa sukari. Tangu miaka ya 1640 kisiwa kizima kiligeuzwa shamba la miwa, na waliolima ni Waafrika waliosafirishwa kwa minyororo, wengi wao kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1661 watawala wa kisiwa walitunga sheria ya watumwa iliyomweka Mwafrika chini ya amri ya bwana wake kama mali. Sheria hiyo iliigwa katika makoloni mengine, Jamaica ikiwa mojawapo. Kila jiwe tutakalolitaja hapa chini lapaswa kutazamwa kwa kukumbuka jambo hilo.

KAMBI NA UWANJA WAKE

Safari na ianzie kusini ya mji mkuu, Bridgetown, katika eneo liitwalo Garrison. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliuandika mji huo wa kale pamoja na kambi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ngome ya St Ann ilianza kujengwa mwaka 1705, na tangu mwaka 1780 kambi ikapanuliwa, hata ikawa makao makuu ya majeshi ya Uingereza katika visiwa vya mashariki vya Karibi. Majeshi hayo yaliondoka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini majengo yangalipo: mabweni marefu yenye matao, kuta za matofali mekundu, na jengo la walinzi wakuu lenye mnara wa saa.

Katikati ya majengo hayo pana uwanja mpana uitwao Savannah. Hapo vikosi vilipiga gwaride, na tangu mwaka 1845 maofisa na matajiri walishindanisha farasi wao. Hapo pia, usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 1966, bendera ya Uingereza ilishushwa na bendera ya Barbados ikapandishwa.

Mpenzi wa silaha hatakosa la kutazama. Mkusanyo wa mizinga ulioko hapo ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa kabisa duniani ya mizinga ya chuma ya Kiingereza ya karne ya 17. Mmoja wapo una nembo ya utawala wa Cromwell, aliyewahi kuiendesha Uingereza bila mfalme, na mizinga yenye nembo hiyo ni adimu mno.

Hatua chache kutoka hapo lipo Jumba la Makumbusho la Barbados, nalo limo ndani ya jengo lililokuwa gereza la kijeshi. Sehemu ya juu ilijengwa mwaka 1817. Msomaji mwenye utumishi mrefu atalitambua jengo hilo kwa sura kabla ya kusoma kibao chake, maana vyumba vya mahabusu hufanana dunia nzima.

Karibu na uwanja ipo nyumba alimokaa George Washington mwaka 1751, akiwa kijana wa miaka 19. Alimsindikiza kaka yake Lawrence, aliyekuwa akiugua kifua kikuu na kutafuta hewa ya kumfaa. Huko Washington alishikwa na ndui, akapona, na tangu hapo ugonjwa huo haukumweza tena. Miaka mingi baadaye, ndui ilipoua askari wengi katika vita vya kujikomboa kwa Marekani, jemadari wao mkuu alikuwa tayari na kinga aliyoipata Barbados. Chini ya eneo hilo zimo njia za chini ya ardhi zilizogunduliwa upya mwaka 2011, na wageni huruhusiwa kupita katika sehemu yake. Zilichongwa katika karne ya 19 hasa kwa ajili ya kukausha maji ya kinamasi. Maofisa wa wakati ule walijua kwamba homa iliwaua askari wengi kuliko risasi.

ASKARI WALIONUNULIWA

Kwa sababu ya homa hizo Uingereza ilianza kuwatafuta askari Waafrika. Mwaka 1795 viliundwa vikosi vilivyoitwa West India Regiments. Wengi wa askari hao hawakujiandikisha wenyewe. Walinunuliwa na serikali sokoni na katika merikebu za watumwa, kwa maelfu, mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku. Mwaka 1807 ilipitishwa sheria iliyowafanya kuwa watu huru, lakini jeshini walibaki.

Sare ya vikosi hivyo ilikuja kupendeza kuliko nyingi. Katika miaka ya 1850 Malkia Victoria aliamuru wavae mtindo wa Zouave, ambao Wafaransa waliuiga kutoka Algeria: tarabushi iliyozungushiwa kilemba cheupe, kizibao chekundu chenye nakshi, na suruali pana ya buluu. Wazee wetu waliowaona askari wa King's African Rifles na tarabushi zao wasingeiona ngeni. Bendi ya Jeshi la Ulinzi la Barbados imeihifadhi sare hiyo kwa sherehe zake, na mgeni abahatikaye kulikuta gwaride lake atakuwa ameiona Afrika Kaskazini, Ulaya na Karibi katika vazi moja.

Vikosi hivyo vilifika hata kwetu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha pili cha West India Regiment kilipigana Afrika Mashariki, nacho kilikuwamo katika majeshi yaliyoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Kwa hiyo asimamaye mbele ya kambi ya Bridgetown asijidhani kuwa yu mgeni kabisa.

ASUBUHI YA PASAKA, 1816

Sasa tufike penye jambo zito. Usiku wa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1816, mashamba ya miwa ya wilaya ya St Philip yaliwashwa moto. Moto huo ulikuwa ishara. Watumwa wa mashamba zaidi ya 70 waliinuka. Kiongozi wao anayekumbukwa kuliko wote ni Bussa wa shamba la Bayleys, ambaye huaminika kuwa alizaliwa Afrika. Mwingine ni mwanamke, Nanny Grigg, mtumishi wa nyumbani aliyejua kusoma, ambaye alizifuatilia habari za magazetini na kuwaeleza wenzake jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa kwa vita.

Serikali iliwapeleka wanamgambo wa kizungu, majeshi ya Uingereza, na pamoja nao askari weusi wa West India Regiment. Kamanda wa Kiingereza aliandika baadaye kwamba waasi hawakudhani askari weusi wangewapiga weusi wenzao. Waliwapiga. Bussa aliuawa vitani, na katika siku chache uasi ukazimwa. Mamia waliuawa au kunyongwa, na wengine wakahamishwa kutoka kisiwani.

Hatuandiki habari hii ili kuwatukana askari wale. Waliapishwa, wakaamriwa, wakatii, na wengi wao wenyewe walikuwa wameuzwa kabla ya kupewa bunduki. Lakini kila mwenye silaha ya umma mkononi hana budi kuitafakari. Utii ni nguzo ya jeshi. Hata hivyo jeshi lililoundwa kulinda mali ya wachache siku moja litaamriwa kuwapiga ndugu zake, na siku hiyo utii utakuwa msiba.

KILIMA CHA ISHARA

Baada ya uasi huo watawala hawakulala usingizi. Kuanzia mwaka 1818 walijenga vituo sita vya ishara juu ya vilima, kimoja kikionekana kutoka kingine, ili kwa bendera na milingoti habari zifike kambini kwa dakika chache. Kituo kinachotembelewa sana ni Gun Hill, katika wilaya ya St George. Kutoka mnarani mwake mtu huona karibu nusu ya kisiwa, na mashushushu wa mawasiliano watakiri kwamba mahali palichaguliwa kwa ustadi. Ajabu ni hii: vituo hivyo vilitazama bara kama vilivyotazama bahari. Havikuwa kwa ajili ya Wafaransa pekee, bali kwa ajili ya wakulima wa miwa pia.

Chini ya kituo amekaa simba mweupe mkubwa, aliyechongwa mwaka 1868 katika jiwe moja na Kapteni Henry Wilkinson wa jeshi la Uingereza. Mguu wake mmoja umekanyaga tufe la dunia. Himaya aliyoiwakilisha imekwisha, simba yungali pale, na watoto wa shule hupigwa picha mbele yake.

MAKABURI NA MINYORORO

Atakayetaka kusikia upande wa wasiokuwa na ngome na aende Newton, katika wilaya ya Christ Church. Ni uwanja wa majani tu, lakini humo wamezikwa watumwa wanaokadiriwa kuwa mamia. Wataalamu waliochimba hapo katika miaka ya 1970 walimkuta mzee mmoja amezikwa na mkufu wenye simbi, shanga za kioo, meno ya mbwa na ushanga mwekundu ambao huenda ulitoka Bara Hindi. Simbi ni zile zile zilizokuwa fedha Uganda, ambako neno hilo lingali jina la fedha. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali alizikwa na wenzake kwa heshima ya mkubwa.

Kisha, katika njiapanda ya barabara kuu nje ya Bridgetown, ipo sanamu ya mtu mweusi aliyeinua mikono, minyororo yake imekatika. Ilichongwa na Karl Broodhagen na kuzinduliwa mwaka 1985. Ni kumbukumbu ya ukombozi kwa jumla, lakini wananchi huiita Bussa. Katikati ya mji, sanamu ya Amiri Nelson iliyosimamishwa mwaka 1813 iliondolewa tarehe 16 Novemba 2020. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba, Barbados ikawa jamhuri.

KWA ANAYEPANGA SAFARI

Magari huendeshwa kushoto kama kwetu. Bahari ya magharibi ni tulivu na yafaa kuogelea. Ya mashariki, upande wa Bathsheba, ina mawimbi makali, nayo yatosha kutazamwa. Chakula cha taifa ni samaki arukaye pamoja na cou-cou, yaani ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, hivyo msomaji wetu hatalala njaa.

Onyo moja ni la lazima. Sheria ya Barbados yamkataza raia na mgeni, hata mtoto mdogo, kuvaa nguo zenye mabaka ya kijeshi. Askari aendaye likizo na aziache kambini kwake. Huko mabaka ni ya wanajeshi wa nchi pekee.

Nao wanajeshi hao wapo wapi? Makao makuu ya Jeshi la Ulinzi la Barbados, lililoundwa mwaka 1979, yamo ndani ya ngome ile ile ya St Ann. Polisi wa kisiwa waliundwa mwaka 1835, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya kukomesha utumwa kuanza kutumika, wakati mabwana walipokuwa wakiwahofu watu waliowaachia. Leo walio katika majeshi hayo mawili wengi wao ni wajukuu wa watu waliozikwa bila majina kama wale wa Newton. Ukuta haukuhama wala jiwe halikubadilika. Kilichobadilika ni jibu la swali tuliloanza nalo: anayelindwa hapa ni nani? Jibu hilo, kwa maoni yetu, ndilo litakalomrudisha askari kazini kwake akiwa amepumzika na amejifunza.