Malazi ya mashambani Ukambani: Mgeni alale wapi?

MSAFIRI atokaye Nairobi kwenda Mombasa huivuka Kaunti ya Makueni mwanzo hadi mwisho na huenda asishuke garini ila kwa kikombe cha chai Emali au Mtito Andei. Naye aendaye Kitui kulitazama Jiwe la Nzambani hupanda ngazi za chuma hadi kileleni, akasimuliwa kwamba alizungukaye mara saba hubadilika jinsia, kisha jioni akarejea zake jijini. Wote wawili wameiona Ukambani, lakini fedha walizoacha huko ni chache. Mgeni huanza kuwafaa wenyeji pale anapolala, kwa kuwa anayelala hula, huoshewa nguo, hutafutiwa wa kumtembeza na asubuhi hununua kiondo.

Malazi ya mashambani yana sura nyingi. Gesti za miji kama Wote, Kitui na Mwingi zinajulikana vyema: kitanda, neti, chai na chapati. Wateja wake wengi ni watu waliofuata kazi, si utalii.

Makao ya kipekee zaidi yako Makindu, kando ya barabara kuu. Hapo mwaka 1926 Masingasinga waliokuwa wafanyakazi wa reli walijenga hekalu lao, na hadi leo msafiri wa dini yoyote hukaribishwa kula bila malipo na hata kupewa mahali pa kulala. Anachotakiwa ni kuvua viatu, kufunika kichwa na kuacha nje pombe na tumbaku. Chakula hakina nyama. Atakaye kutoa sadaka hutoa, asiyetoa haulizwi. Wapo madereva wa masafa marefu wasioijua mbuga yoyote ya Makueni lakini wanaolijua hekalu hilo.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kiboko, ambako J. A. Hunter alianzisha hoteli inayobeba jina lake, Hunter's Lodge. Ni mtu yuleyule ambaye katika miaka ya 1940 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwaua vifaru wapatao 1,000 katika eneo la Makueni ili watu wapewe ardhi ya kulima. Historia ina kejeli zake: leo mtalii hulipa fedha nyingi ili amwone kifaru mmoja.

Hoteli hiyo ilijengwa penye chemchemi, na hilo si bahati nasibu. Vilima vya Chyulu ni vya volkano. Mvua inyeshayo juu yake hunywewa na mawe yenye vinyweleo, ikaibuka chini katika chemchemi kama za Kiboko na Umani. Huko Umani, ndani ya Msitu wa Kibwezi, shirika la Sheldrick Wildlife Trust lina nyumba ya aina nyingine: kundi moja la wageni huikodi yote na kuja na chakula chake. Shirika hilo lina kambi za namna hiyo pia Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki upande wa Kitui, ambako ndovu yatima hufunzwa kurejea porini. Utulivu ni mwingi, ila mgeni aliyebeba hata nyanya kutoka Nairobi hana sababu ya kufika sokoni Kibwezi au Ikutha.

Malazi yanayoifikisha fedha moja kwa moja jikoni mwa mwenyeji ni yale ya nyumbani. Familia humpa mgeni chumba cha ziada, akala muthokoi mezani pamoja nao, akaonyeshwa matuta ya Mbooni na Kilungu au bwawa la mchanga. Bwawa hilo, ambalo Kitui inasifika kwalo, ni ukuta uliojengwa kukatiza mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake na kuhifadhi maji wakati wa kiangazi. Wahenga walisema mgeni wa siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mgeni wa siku hizi hulilipia jembe hilo, tena kwa furaha.

Hata hivyo, kuna ugumu. Katika mila za Wakamba, kama za majirani zao, mgeni hapelekewi hesabu ya chakula alichokula. Wengi huona haya kutaja bei, na bei isiyotajwa mapema huzaa kinyongo pande zote mbili. Ni heri ikubaliwe kabla mzigo haujashushwa. Kisha kuna maji, choo safi na leseni, kwani Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inayatambua malazi ya nyumbani kuwa biashara inayodhibitiwa.

Kufika si tatizo tena kama zamani. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka 2017, ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na kutoka Kibwezi barabara ya lami hupitia Mutomo hadi Kitui. Kazi ni kuchagua msimu. Maembe huiva kwa wingi kuanzia Desemba, wakati ambapo shamba la Makueni hupendeza kuliko nyakati zote. Lakini Desemba pia ndipo watoto na wajukuu hurudi kutoka Nairobi na Mombasa, na kile chumba cha ziada kikawa na wenyewe.