Mizabibu ya Kithimani na Adabu ya Mgeni Asiyekunywa

Neno mvinyo lilitufikia pwani kwa merikebu. Wareno waliotia nanga Malindi mwaka 1498, na ambao mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu, walituachia maneno mengi yaliyobaki baada ya wao kuondoka: meza, bendera, leso, na mvinyo. Meza tukaichukua tukalia chakula. Mvinyo tukauacha katika kamusi. Ama zabibu ni habari nyingine. Jina lake ni la Kiarabu, na zile kavu hatuzikosi katika tambi za futari wala juu ya mkate wa mayai. Hata hivyo, wengi wetu tulao zabibu tangu utoto hatujapata kuuona mzabibu wenyewe. Mimi niliuona Kithimani, katika kaunti ya Machakos.

Safari hiyo ilikuwa na sababu yake. Mke wangu ana shoga yake wa Kikamba, ambaye walifanya kazi pamoja Mombasa kwa miaka mingi. Yeye na mumewe walitimiza miaka 25 ya ndoa, wakaamua kujipumzisha siku mbili kwenye shamba la mizabibu, kama wafanyavyo wake na waume wengi wa Nairobi siku hizi: kutembea shambani, kula vizuri, na kuonja mvinyo. Walitutaka tufuatane nao.

Hapo ndipo palipokuwa na mashaka. Kukataa kulikuwa ni kumvunja moyo mtu aliyekaa nasi matangani tulipofiwa, na ambaye kila Ramadhani hutuletea sinia ya futari ilhali yeye hafungi. Kukubali bila ya sharti nako kulikuwa ni kuketi penye meza inayopitishwa ulevi, na masheikh wetu wametufundisha kwamba katazo haliko katika kunywa tu, bali hata katika kuketi hapo. Tulilizungumza jambo hilo usiku mzima, mimi nikitafuta udhuru wa kusema tuna wageni.

Mke wangu alikataa udhuru wa uongo. Alimpigia simu shoga yake akamwambia, "Shoga, tutakuja. Tutatembea pamoja, tutakula pamoja. Lakini mtakapokaa kuonja, sisi tutawaacha hapo, na msituone kuwa tumekasirika." Akajibiwa, "Dada, hilo tu? Mimi nilidhani utaniambia hamji."

Basi tukapanda gari moshi la SGR, lililoanza kuchukua abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kutoka Nairobi tukashika njia ya Thika, kisha ile iendayo Garissa. Kithimani iko kando ya njia hiyo, kabla ya kufika Matuu. Jina lake halimpi taabu Mswahili: kithima kwa Kikamba ni kisima kwetu, na Kithimani ni Kisimani. Nchi yenyewe ni ya Yatta, ule uwanda mrefu uliofanywa na uji wa moto wa volkano uliotiririka zamani za kale ukaganda. Huanzia karibu na Kilima Mbogo ukenda kiasi cha kilomita 300, hata msafiri wa Tsavo Mashariki huuona umelala kama ukuta.

Ni nchi kavu. Mvua zake ni za kubahatisha, na mwenye kuitegemea mbingu peke yake huvuna mwaka mmoja akakosa mwingine. Kinachoyafanya mashamba ya hapo yawe kijani ni mfereji wa Yatta, unaochota maji ya mto Thika na kuyapeleka makumi ya kilomita. Mfereji huo ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na waliouchimba ni mahabusu wa Mau Mau. Leo hunywesha mahindi, mboga, maembe, na mizabibu pia. Nilisimama ukingoni nikakumbuka kuwa mto Thika humwagika katika Tana, na Tana huishia baharini Kipini. Maji yale, yasingalizuiwa, yangalitufikia sisi pwani.

Mzabibu wenyewe si mti wa fahari. Ni mtambaazi, umefungwa kwenye nguzo na nyaya, mstari baada ya mstari. Mfanyakazi wa shamba alitueleza habari ambayo sikuwa nikiijua. Katika nchi kama Ufaransa mzabibu hulala majira ya baridi, ukapukutisha majani na kupumzika. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huulaza mwenyewe: huupunguzia maji, kisha huyapogoa matawi, nao huamka, ukachipua na kuzaa. Ndiyo sababu Dodoma, ambako zabibu zimelimwa kwa miaka mingi, huvunwa mara mbili kwa mwaka. Alitueleza pia kwamba wekundu wa mvinyo hautoki katika maji ya tunda bali katika ganda lake, na kwamba chachu ndiyo ilayo sukari ikaigeuza kileo. Kileo hicho kikiachwa wazi hewani hugeuka tena kikawa siki, ambayo twaijua vyema jikoni kwetu.

Kenya si ngeni katika kazi hii. Naivasha hutoka mvinyo uitwao Leleshwa, na kampuni ya KWAL, iliyoanzishwa mwaka 1969, imepata kuuza mvinyo wenye jina la Yatta. Wala Wakamba hawakungoja mzabibu kujua kinywaji. Wazee wao wana uki, unaochachushwa kwa tunda la mti ule tunaouita mwegea, na uki huo una mahali pake katika posa na mahari.

Saa ya kuonja ilipofika, meza ikaandaliwa chini ya kivuli. Shemeji, mume wa shoga, aliinuka kabla yetu, akatusindikiza hadi mwanzo wa mistari ya mizabibu, akasema, "Shemeji, kata unachotaka, mwenye shamba amekubali." Kisha akarudi kwa mkewe. Kwa mbali tuliwaona wakifanya kama walivyoelekezwa: kuinua bilauri mwangani kutazama rangi, kunusa, kuonja kidogo, na kutema katika ndoo. Mke wangu akacheka, akasema mbona ni kama sisi tunaponunua udi, twanusa, twatazama, twarudisha, twataka mwingine.

Sisi tulikula zabibu mbichi, zenye joto la jua. Zilikuwa na kokwa, na ganda gumu kidogo, na utamu ambao zile za dukani zimekwisha kuupoteza njiani. Tulizungumza mambo ambayo nyumbani hatupati wasaa wa kuyazungumza, kwa kuwa mume na mke wa miaka mingi huzungumza ada za shule na gesi ya kupikia, wakasahau kuulizana hali. Waama faida ya mapumziko ya namna hii haimo ndani ya chupa. Imo katika kutoka pamoja, na kutembea polepole.

Ndani ya Kurani zabibu hutajwa pamoja na mitende miongoni mwa neema. Sura ya An-Nahl, aya ya 67, inataja kwamba matunda hayo mawili watu hupata humo ulevi na hupata riziki njema. Kisha ulevi ukakatazwa katika Al-Maida, aya ya 90, na riziki njema ikabaki. Nilimwuliza mfanyakazi yule kama zabibu za hapo haziwezi kukaushwa au kuuzwa sokoni. Akanijibu kwamba mzabibu wa mvinyo na ule wa kuliwa ni aina mbalimbali, lakini ardhi, jua na mfereji ni vile vile. Hilo ni jambo la kutafakariwa na wafanyabiashara wetu, kwani zabibu kavu tunazotia katika tambi hutoka ng'ambo.

Wako watakaosema kwamba tusingalikwenda kabisa, na rai yao naiheshimu. Wako pia waonao haya, wakaketi mezani na kushika bilauri ya maji ya matunda ili wafanane na wenzao. Sisi wa pwani tumeishi na mgema wa tembo katika shamba moja la minazi tangu enzi za mababu, yeye juu ya mnazi, sisi chini tukiokota nazi, na kila mmoja akimjua mwenzake. Ujirani huo haukudumu kwa kufichana. Mwenye sharti na aliseme mapema, aliseme kwa ulimi mwema, na aliseme kabla meza haijaandaliwa. Rafiki wa kweli hatalitukana, naye atakuwa na muda wa kukutafutia kivuli kingine.