Je, Wajua Leza Inavyosoma Makaa ya Mawe?

Mfuko wa saruji ya Simba unaoununua dukani Kikatiti umetoka Pongwe, Tanga. Ili klinka ya saruji iive, tanuri linahitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, na hapa nchini matanuri mengi ya saruji huwashwa kwa makaa ya mawe, yakiwemo ya Ngaka, wilayani Mbinga.

Makaa hayo hayafanani. Hata ndani ya shimo moja, lori hili litabeba kaboni tele na lile litabeba udongo na maji. Udongo hauungui, hubaki majivu, na majivu hayo huingia ndani ya klinka yenyewe. Yakizidi ghafla, saruji nayo hubadilika. Kwa hiyo kupima makaa si anasa, ni ulinzi wa nyumba ya mtu.

Kwa kawaida maabara husaga sampuli, huikausha na kuichoma kwa nyuzi 815 mpaka yabaki majivu matupu. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na matokeo yakija, shehena huenda imeshaungua.

Leza haihitaji kusubiri hivyo. Hupiga makaa yakiwa bado yanapita kwenye mkanda, kwa mapigo ya mwanga yanayodumu sehemu chache tu za bilioni ya sekunde. Chembe ndogo mno hugeuka gesi inayong'aa, yenye joto linalopita nyuzi 10,000. Ukinyunyiza chumvi jikoni, moto hugeuka manjano kwa sababu ya sodiamu. Vivyo hivyo, kila elementi ndani ya makaa hutoa rangi yake. Haidrojeni hutoa wekundu wa nanomita 656.3. Kaboni hung'aa kwenye 247.9, mwanga ambao jicho letu halioni lakini spektromita huuona. Silikoni, alumini, chuma na kalsiamu hufichua majivu. Kompyuta hukusanya mianga hiyo na kukadiria kiasi cha majivu, na joto ambalo makaa yatatoa yakiungua, papo hapo. Gari la Curiosity, lililotua Mirihi mwaka 2012, huchunguza miamba ya huko kwa mbinu hiyohiyo.

Wakazi wa Kikatiti, tunaoishi na floraidi ya Mlima Meru majini, tungependa leza ituonyeshe na hiyo. Inawezekana, ila kwa shida: florini, elementi iliyo ndani ya floraidi, hutoa mwanga hafifu, hivyo wataalamu hutafuta mwanga wake inapoungana na kalsiamu.

Leza ina udhaifu wa aina mbili: huona uso wa jiwe tu, tena hujua tu makaa iliyofundishwa. Mtambo uliozoea makaa ya China utakosea kwa ya Ngaka, mpaka ulinganishwe na sampuli za Ngaka zilizochomwa maabara. Vijana wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, kazi hiyo ya kulinganisha ifanyeni ninyi, msisubiri ifanyiwe ng'ambo.