Hesabu ya hewa ukaa inaanzia kwenye mbolea yako

Vijana, mashindano ya ubunifu vyuoni ya kupunguza hewa ukaa kwenye mnyororo wa ugavi msiyapite mkidhani ni ya watu wa viwanda.

Iko hivi. Supamaketi ya Ulaya ikijipima, haihesabu umeme na magari yake tu. Mwongozo wa kimataifa wa 2011 una makundi 15 ya uchafuzi wa nje ya kampuni, la kwanza likiwa bidhaa inazonunua. Parachichi lako limo humo, pamoja na dizeli ya pampu na mbolea. Mbolea ndiyo nzito: sehemu ya naitrojeni inayobaki ardhini hugeuka naitrasi oksaidi, na kilo 1 yake hupasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100.

Shida ni kwamba usipokuwa na rekodi, mnunuzi anakukadiria kwa wastani. Yurea umeigawa mara tatu, umeifukia, umeokoa mfuko mzima, lakini kwake uko sawa na jirani aliyemwaga tu! Nimeshaona mkulima akiulizwa daftari, hana.

Wanachuo wanajua kutengeneza programu za simu, ila kilo kwa ekari, tarehe na lita za dizeli unazijua wewe. Watafute muingie pamoja.