Tusipumbazwe na maleba ya Bootsy Collins

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Ndivyo alivyonena mwalimu mwenzangu alipoiona mezani pangu picha ya Bootsy Collins, mpiga gitaa la besi wa Marekani. Simlaumu sana. Picha ilimwonyesha mtu mzima aliyevaa kofia ndefu, miwani yenye umbo la nyota na suti inayomeremeta, huku amekumbatia gitaa ambalo nalo limechongwa mfano wa nyota. Mwanafunzi aliyekuwa ameleta madaftari akauliza, kwa dhati kabisa, iwapo mavazi ya aina hiyo ndiyo yampayo mtu umaarufu.

Wote wawili, kwa maoni yangu, walikuwa wamepotoka.

Collins alizaliwa mwaka wa 1951 mjini Cincinnati, jimbo la Ohio. Ala yake ya kwanza haikuwa na nyota yoyote: ilikuwa gitaa la kawaida la bei nafuu alilolitia nyuzi nne za besi, ili apate kupiga pamoja na kakake Phelps, aliyejulikana zaidi kwa jina la Catfish. Mnamo 1970, wanamuziki wa James Brown walipomgomea kwa sababu ya malipo, Brown aliwaita vijana hao wa Cincinnati. Wakasafirishwa kwa ndege na kupanda jukwaani usiku uo huo. Bootsy alikuwa na umri wa miaka 18.

Hapo ndipo shule yake ilipoanza, nayo ilikuwa shule ya kiboko. Brown aliwatoza wanamuziki wake faini kwa kukosea noti, hata kwa viatu visivyong'arishwa. Collins amesimulia mara nyingi jinsi bwana huyo alivyokuwa akimwita baada ya maonyesho na kumkaripia kwamba hajalipata pigo la kwanza. Yaani, katika kila mapigo manne, Brown alitaka uzito wote uliangukie lile la kwanza. Mpiga besi akishaliweka hilo mahali pake, yu huru kucheza apendavyo katika matatu yaliyosalia. Kanuni hiyo ni nyepesi kuieleza, lakini ni ngumu ajabu kuitimiza usiku kucha. Yasikika wazi katika wimbo "Super Bad" wa mwaka huo.

Alidumu kwa Brown takriban mwaka mmoja tu. Kisha akajiunga na George Clinton katika bendi za Funkadelic na Parliament, ambako nidhamu ya suti za sare iligeuzwa juu chini. Katika sahani ya "Mothership Connection" ya 1975, Clinton aliwaweka watu weusi ndani ya chombo cha anga, mahali ambapo filamu za wakati huo hazikuwaonyesha ila kwa nadra, na baadaye chombo chenyewe kikawa kinatua jukwaani. Hapo maleba yalikuwa na hoja yake, nami nisingependa mwalimu wa fasihi ayadharau. Collins akaanzisha bendi yake, Bootsy's Rubber Band, na mwaka wa 1978 wimbo "Bootzilla" ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya nyimbo za soul nchini mwao. Chini ya vichekesho vyote hivyo, pigo la kwanza lilikuwa palepale alipofundishwa kuliweka.

Mnamo 2010 alifungua shule ya besi kwenye intaneti. 2019, kwa ushauri wa madaktari, akatangaza kuacha maonyesho ya jukwaani.

Yule mwanafunzi nilimsikilizisha "Super Bad" bila kumwonyesha picha tena, nikamwagiza agonge meza kila lifikapo pigo la kwanza. Alikosea mara nyingi kuliko alivyotarajia, akaomba kuanza upya. Mwenzangu alikuwa akisahihisha insha kwenye meza ya pili, wala hakuinua kichwa. Lakini mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu, na haukukosea hata mara moja.