BANGI NA MTOTO MWENYE USONJI: MZAZI AJUE NINI?



Tunapotembelea familia nyumba kwa nyumba huko Katwe, Nsambya na Makindye, tunaulizwa swali hili mara nyingi: "Ni kweli bangi inatibu usonji?" Wengine wamesikia redioni. Wengine wameambiwa na jirani wamchemshie mtoto majani anywe kama chai. Jambo hili linagusa uhai wa mtoto, kwa hiyo tunalieleza hapa hatua kwa hatua.

1. USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa njia tofauti tangu utotoni. Mtoto huchelewa kusema au hasemi kabisa. Hurudia kitendo kilekile, na hukasirishwa na kelele au mabadiliko madogo. Wengine hujigonga kichwa ukutani, hujing'ata mikono, hupiga wenzao, na hawalali usiku. Mzazi anayeishi naye katika chumba kimoja cha kupanga anachoka sana, na hilo tunalifahamu.

Usonji si uchawi, si laana, wala si kosa la mama. Hauambukizi. Hakuna dawa ya kuuondoa. Dawa zilizopo hupunguza tu vurugu zinazofuatana nao.

2. HABARI YA BANGI ILITOKA WAPI?

Mmea wa bangi, ambao hapa Kampala huitwa njaga, una vitu vingi ndani yake. Viwili vinajulikana zaidi. Kimoja kinaitwa THC, nacho ndicho kinacholewesha. Kingine ni kanabidioli, kwa kifupi CBD, nacho hakileweshi.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa. Iliidhinishwa kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Haikuidhinishwa kwa usonji. Lakini watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia, ndiyo sababu wazazi walianza kuuliza.

Huko Jerusalem, nchini Israeli, madaktari wa hospitali ya Shaare Zedek walifanya jaribio kwa watu 150 wenye usonji, wa umri wa miaka 5 hadi 21. Walitumia mafuta yenye sehemu 20 za CBD kwa sehemu 1 ya THC, wakalinganisha na mafuta yasiyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kwa kipimo kimoja cha tabia, waliopata nafuu kubwa walikuwa 49 kati ya kila 100 waliopewa mafuta hayo, na 21 kati ya kila 100 waliopewa yasiyo na dawa. Kwa kipimo kingine hapakuwa na tofauti. Baadhi walisinzia au walipoteza hamu ya kula.

Maana yake ni hii: kuna tumaini, lakini bado si uthibitisho.

3. KWA NINI MAJANI YA MTAANI SI DAWA ILE?

- Dawa ya hospitali imepimwa tone kwa tone. Majani ya mtaani hayajapimwa, na mara nyingi yana THC nyingi na CBD kidogo. Yaani ni kinyume cha mafuta yale ya Jerusalem.
- THC humdhuru mtoto. Anaweza kupoteza fahamu, na ubongo unaokua unaweza kuharibika.
- Chupa ya mafuta inayouzwa kwa siri haionyeshi kwa hakika kilichomo ndani, hata kama ina karatasi nzuri.
- CBD hugongana na baadhi ya dawa za kifafa. Ikichanganywa na valproeti inaweza kuumiza ini.

4. SHERIA YA UGANDA INASEMAJE?

Bunge lilipitisha sheria mpya ya dawa za kulevya mwaka 2023. Bangi ya matibabu hulimwa kwa kibali cha serikali tu. Kampuni iliyolima huko Kasese ililima ili kuuza nchi za nje. Kushika, kuuza au kulima bila kibali ni kosa la jinai, hata ukisema ni kwa ajili ya mtoto. Mzazi akifungwa, nani atabaki na mtoto huyo?

5. SASA UFANYE NINI?

(a) Tafuta maumivu kwanza. Mtoto asiyeweza kusema huonyesha maumivu kwa kujipiga. Chunguza meno, masikio, choo kigumu, minyoo na homa. Kama vurugu zimezidi ghafula, usingoje.

(b) Andika. Kwa wiki mbili, andika saa ya vurugu, kilichotangulia na kilichomtuliza. Karatasi hiyo itamsaidia sana daktari.

(c) Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe, kama kile cha Kisenyi. Chukua kitambulisho chako cha mkimbizi. Omba barua ya rufaa kwenda Mulago au Butabika. Hospitali ya Butabika iko upande wa Luzira, na ina kitengo cha watoto. Kama hujui Kiganda wala Kiingereza, nenda na mtu wa kukufasiria.

(d) Uliza kuhusu risperidoni. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa hasira kali na kujiumiza kwa watoto wenye usonji. Huongeza njaa na usingizi, kwa hiyo daktari lazima amfuatilie mtoto.

(e) Usikatize vidonge vya kifafa. Ukivikatiza ghafula, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua.

6. KAMA MTOTO AMEKWISHA KUPEWA BANGI

Akisinzia na kushindwa kuamka, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au akipata degedege, mkimbize hospitali mara moja, hata usiku. Mwambie muuguzi ukweli: alipewa nini, kiasi gani, saa ngapi. Ukificha, tiba inachelewa.

KUMBUKA: Siku moja huenda dawa ya CBD ikathibitishwa kwa usonji, na ikapatikana kwa bei nafuu. Mwaka 2018 Epidiolex ilitangazwa kwa bei ya takriban dola 32,500 kwa mwaka. Anayekuuzia "dawa hiyohiyo" kwa shilingi elfu kumi anakudanganya.

Ukiwa na swali, mwite mhamasishaji wa mtaa wako. Na tafadhali msomee habari hii jirani asiyejua kusoma.